Apu za mikopo tunazichukia, lakini chama cha mama tunakidharau

Jumapili moja simu ya mama mdogo wangu kule Nyamira ililia akiwa kanisani. Hakushika. Ikalia tena, na tena. Alipotoka nje kupokea, sauti asiyoijua ilimwambia kwamba mimi ni mwizi, nimekula pesa za watu, na yeye kama mtu wangu wa karibu anishauri nilipe kabla ya saa sita mchana.

Deni lenyewe lilikuwa shilingi 2,300.

Sikuwa nimemweka mama mdogo kuwa mdhamini. Hata hakujua nimekopa. Nilipopakua apu ile niliulizwa kama naruhusu isome nambari za simu yangu, nikabonyeza "ndiyo" bila kusoma, kama unavyobonyeza wewe. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache kabla, kodi ya nyumba pale Nyanchwa imefika, na msoto ulikuwa wa kweli. Niliomba 2,000. Wakakata ada yao kwanza, nikapokea 1,700. Baada ya siku 14 nilitakiwa kurudisha 2,000. Nikachelewa, ikawa 2,300.

Fanya hesabu hapo. Hata ningelipa kwa wakati, ningekuwa nimelipa mia tatu juu ya 1,700 kwa wiki mbili. Hiyo ni karibu asilimia 18. Hakuna mama wa soko la Daraja Mbili anayeweza kuuza ndizi zikampa faida ya kulipa mkopo wa namna hiyo kila wiki mbili.

Uliza vijana wenzangu hapa Kisii mjini kama wanapenda apu hizi. Hakuna atakayekujibu ndiyo. Wengine watakuonyesha jumbe za matusi walizotumiwa, wengine watakuambia jinsi bosi wao alivyopigiwa simu. Halafu chungulia simu zao: apu tatu, nne, mkopo wa huku unalipa wa kule. Tunachukia kitu na bado tunakitumia kila mwezi. Swali langu leo ni moja: kwa nini?

Nadhani tumezoea kuamini kwamba kibaya tulicho nacho ndicho pekee kilichopo. Na mara nyingi si kweli. Mkate ni mfano rahisi. Kila bei ikipanda kejani kwetu tulikuwa tunapiga kelele asubuhi nzima, na bado tunaununua. Siku moja jirani akatucheka. Akasema tunaishi Kisii, ndizi na viazi vitamu viko kila kona, sisi tunalilia mkate. Siku hizi tunachemsha viazi jioni, asubuhi tunapasha. Hakuna aliyekufa. Bando pia ilitutesa, inaisha saa sita usiku hata kama hujaimaliza. Tukaungana watu wanne wa ploti moja tukalipia waifai moja ya mwezi. Nayo hukatika stima ikipotea, lakini hatuwekwi saa.

Lakini tusidanganyane, si kila mbadala ni mzuri. Sote tunajua Probox. Abiria walichoka kukaa kwenye matatu isiyoondoka hadi ijae, Probox ikaja, inajaa haraka na inaingia hadi njia za ndani. Tukaikumbatia. Leo unabebwa "sambaza" na watu wengine watatu kwenye kiti cha wawili, dereva amebanwa mlangoni, na wote mnaomba Mungu mfike Keroka salama. Mbadala ulitatua shida ya kusubiri ukaleta shida ya uhai. Kwa hiyo nikisema tutafute mbadala wa apu za mikopo, sisemi tukimbilie chochote kilicho tofauti. Nasema tuupime.

Turudi kwa mama mdogo. Nilimpigia jioni nikiwa nimejaa aibu, nikitarajia kugombezwa. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulikuwa na shida ya elfu mbili, mwanangu, na hukuniambia? Sisi si tuko na sanduku?"

Sanduku hilo nimekuwa nikiliona tangu utotoni. La chuma, lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Wanakutana sebuleni kwa zamu, wanachanga, pesa zinahesabiwa mbele ya kila mtu, halafu anayehitaji anakopa hapo hapo mezani. Chai ikilipwa, madeni yanalipwa. Bonasi ya mwaka ikija, makubwa yanapangwa: karo, mabati, ng'ombe. Mimi na binamu zangu tulikuwa tukiwacheka. Tuliwaona kina mama wa leso na daftari. Sisi tulikuwa watu wa simu.

Sasa tuupime huo mbadala. Chama cha mama mdogo kinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Hiyo si riba ndogo! Mtu akikaa na deni mwaka mzima amelipa zaidi ya alichokopa. Nilipomwambia hivyo alinicheka. Ukikopa 2,000 kwa mwezi unarudisha 2,200. Ile mia mbili inaingia sandukuni, na Desemba wanagawana kulingana na akiba ya kila mtu. Sehemu ya riba uliyolipa inarudi kwako, na sehemu ya riba ya wenzako pia. Mia tatu yangu ya apu ilienda wapi? Mimi sijui, na wewe hujui yako.

Aibu je? Watu hudhani kwenye chama hakuna aibu. Iko. Usipolipa kina mama watakuja nyumbani, watakaa, watakunywa chai yako, na hawataondoka bila jibu. Lakini wanakujia wewe, ana kwa ana, wakijua kwamba mtoto alilazwa au majani ya chai yalipigwa na mvua ya mawe. Unaweza kuomba mwezi mmoja zaidi ukasikizwa. Huwezi kuielezea apu kuhusu mvua ya mawe.

Kuna wale watakaosema serikali ishughulike. Imeshughulika, kwa kiasi. Tangu Machi 2022 Benki Kuu ya Kenya ina kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Lazima wawe na leseni, na wamekatazwa kutumia vitisho, matusi na orodha ya nambari zako kudai deni. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia nambari za watu vibaya. Kwa hiyo likikupata kama lilivyonipata, hifadhi jumbe, andika saa na nambari zilizopiga, peleka malalamiko. Ni haki yako. Lakini sheria hufika baada ya mama mdogo kuitwa nje ya kanisa. Heshima yake kwa wale waliokaa naye benchi moja haitarudishwa na faini.

Pia kuna Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022. Siasa zake weka kando, tazama hesabu: riba ni asilimia 8 kwa mwaka, sio kwa wiki mbili. Kwa bei inashinda apu, inashinda hata chama. Shida yake ni kwamba wengi huanza na mia tano au elfu moja, muda wa kulipa ni siku 14, na kodi ya nyumba haingoji kiwango chako kipande. Kwa shida ndogo, nitaanza hapo kabla ya kugusa apu yoyote ya kunidhalilisha.

Kuna kijana atakayeniambia, "Bro, mimi sina chama. Na vyama vyenyewe mweka hazina hutoroka na pesa." Kweli, hutokea, na wengi wetu tunamjua aliyeumia. Sanduku la kufuli tatu halikuja kwa urembo, kuna mtu alitoroka zamani wakajifunza. Kwa hiyo usijiunge na kundi la WhatsApp la watu mia mbili usiowajua linaloahidi kukuzidishia pesa. Hicho si chama, ni mtego.

Sisi tulianza na watu sita, wote tunajuana hadi kwa wazazi. Kila mmoja anatoa 200 kwa wiki, hiyo ni 1,200. Wiki kumi zilipita tukawa na 12,000. Mtu akikwama anakopa hadi 3,000, anarudisha na asilimia 5, na hiyo asilimia inabaki yetu sote. Daftari moja, tunapiga picha ukurasa kila wiki na kila mtu anabaki nayo. Hakuna anayetoa pesa bila wengine wawili kukubali. Na sharti moja nililolitia mimi: mtu akichelewa, hatumpigii mtu wa kwao. Tunaenda kwake.

Mmoja wetu ameshachelewa. Ni wa boda, pikipiki iliharibika injini. Tulikaa kwake Mwembe, tukala ugali wa wimbi na chinsaga, tukampa wiki tatu. Alilipa ya pili. Najua siku moja mwingine hatalipa, na itauma zaidi kwa sababu ni rafiki. Hiyo ndiyo gharama ya mbadala huu, sitaificha. Chama kinataka muda, kinataka kukutana hata siku umechoka, kinataka kumwambia mwenzako "niko chini" ukimtazama usoni. Apu haikutaki hayo yote, na nadhani hapo ndipo inapotushika. Saa tano usiku, peke yako kitandani, ni rahisi kumwambia mashine kuliko kumwambia mtu wa kwenu.

Lakini mtu wa kwenu atajua tu. Mimi nilificha shida ya elfu mbili, na aliyekuja kuisikia kwanza alikuwa mama mdogo, kutoka kwa mgeni, mbele ya kanisa. Afadhali angeisikia kutoka kwangu.

Apu ile niliifuta siku nilipomaliza deni. Kabla hujafuta yako, lipa kwanza, halafu ingia kwenye mipangilio ya simu uiondolee ruhusa ya nambari zako. Kisha mpigie mama, shangazi au yeyote mwenye daftari, umuulize chama chake kinakutana lini. Usiende kukopa. Nenda ukaone tu pesa zikihesabiwa mezani.