Ufunguo wa Nyaraka Uwe Mikononi mwa Mwenye Mali

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii walifundishwa wenye maduka, lakini leo inalihusu Taifa zima. Kiwanda, shamba au mgodi haununuliwi kwa kutazama kuta na mitambo peke yake. Hununuliwa kwa kusoma hati za ardhi, hesabu za miaka iliyopita, madeni, kesi zilizoko mahakamani na mikataba ya wafanyakazi. Anayezijua nyaraka hizo vizuri zaidi ndiye anayeketi mezani akiwa na nguvu.

Mji wa Morogoro unalijua jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa mji wa viwanda, vikiwamo vya viatu, turubai na ngozi. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingine zikauzwe Ulaya. Hakikupata kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na mashirika mengi nchini yakabinafsishwa. Baadhi yalistawi. Mengine yaligeuzwa maghala, na hasa baada ya mwaka 2015 Serikali ilianza kuvirejesha viwanda ambavyo wanunuzi wake hawakutimiza masharti.

Hapo ndipo umuhimu wa nyaraka unapoonekana. Kumdai mnunuzi atimize sharti kwahitaji sharti hilo lionekane katika jalada, pamoja na viambatisho vyake vyote. Ofisa asiyeweza kuutoa mkataba wa mauzo hana la kudai, hata kama haki iko upande wake.

Duniani sasa kuna chombo kinachoitwa chumba cha nyaraka cha mtandaoni. Zamani muuzaji wa kampuni alitenga chumba halisi, kwa kawaida katika ofisi ya mawakili. Majalada yalipangwa humo, na wanunuzi waliingia kwa zamu, wakasoma chini ya ulinzi na kuondoka mikono mitupu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 chumba hicho kilianza kuhamia katika kompyuta. Kila msomaji hupewa neno lake la siri na kuruhusiwa kuona nyaraka zinazomhusu tu. Mmoja anaweza kusoma bila kuchapa wala kunakili. Mwingine hafunguliwi kabisa hesabu za mishahara. Jina la msomaji na saa aliyosoma vyaweza kuonekana juu ya kila ukurasa. Na daftari la chumba huandika nani aliingia, alifungua nini, na kwa muda gani.

Faida yake kwa mali ya umma ni dhahiri. Wazabuni wote husoma nyaraka zile zile kwa wakati ule ule, na swali la mmoja laweza kujibiwa mbele ya wote. Bahasha inayopenyezwa usiku kwa mzabuni mmoja hukosa thamani. Miaka kumi baadaye, mnunuzi akidai kwamba hakuambiwa habari za deni, daftari litaonyesha siku aliyolisoma.

Hata hivyo, chombo hakiwezi kushinda uzembe wa mwenye chombo. Jalada lililopotea masjala halitapatikana kwa kununua programu, na simu ya mkononi yaweza kuupiga picha ukurasa ambao kompyuta imekataa kuuchapa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya masjala: Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 itekelezwe kabla mnunuzi hajaalikwa. Kazi ya pili ni ya kushika ufunguo. Haifai chumba cha nyaraka za mali ya umma kisimamiwe na mshauri aliyeletwa na mnunuzi, wala nakala ya daftari lake ibaki ng'ambo peke yake mkataba ukishatiwa saini. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinawapa watendaji msingi wa kusimamia jambo hili.

Tena ieleweke kwamba siri ya majadiliano si siri ya milele. Bei ya chini ambayo muuzaji yuko tayari kuipokea haitangazwi sokoni. Lakini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliotiwa saini London mwaka 2007, ulizua mtafaruku bungeni kwa sababu wananchi waliona mambo yao yamepitishwa mbali na macho yao. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilitungwa mwaka 2016. Mlango unaofungwa wakati wa kupatana bei usiwe kisingizio cha kuuficha mkataba uliokwisha kukamilika.

Jambo hili haliishii viwandani. Biashara ya kaboni, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2022 na ambayo kituo chake cha taifa cha ufuatiliaji kiko katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, inaweza kuwaleta wanunuzi katika kijiji chochote chenye msitu. Milima ya Uluguru, chimbuko la Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam, ina historia yake katika mambo kama haya. Mwaka 1955 mpango wa kikoloni wa kulazimisha matuta ulizua ghasia huko Matombo, kwa kuwa amri ilishushwa juu ya wenye ardhi bila ridhaa yao. Kijiji kinachopewa anwani ya mtandao na neno la siri, bila kompyuta na bila mtu wa kukifafanulia Kiingereza cha mkataba, hakijapewa kitu. Ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji ni ridhaa pale tu wanakijiji wanapoelewa wanachokubali.

Wajibu huu ni wa mtumishi wa umma, ambaye hapana budi alitunze jalada lake leo kama atakayeulizwa kesho. Ni wajibu pia wa mwalimu, kwani yeye ndiye anayeombwa mara nyingi kuisoma barua ngumu inapofika kijijini. Asiharakishe kutafsiri maneno mazuri ya utangulizi. Asome na viambatisho, na awaeleze wanakijiji wanadaiwa nini, watalipwa lini, na nakala ya mkataba itakaa kwa nani. Mwenye mali ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kuingia katika chumba cha nyaraka zake, na awe wa mwisho kutoka.