Petroli Haina Kazi Kwenye Rangi ya Gari Lako

Leo niwie radhi, sizungumzii viwavijeshi wala mbolea. Nazungumzia gundi.

Juzi nilipita gulioni nikamkuta kijana mmoja mfanyabiashara wa mahindi, ninayemfahamu tangu alipokuwa akibeba gunia moja moja kwa baiskeli. Sasa ana kirikuu. Imetumika Japani, lakini kwake ni mpya, na kwa jinsi alivyoipata ana haki ya kuiita mpya. Mlangoni ilikuja na stika kubwa ya maandishi ya Kijapani. Kaibandua, karatasi ikatoka, gundi ikabaki. Siku nne za vumbi la barabara yetu zikaifanya ile gundi kuwa doa jeusi lisilosikia sabuni. Nilimkuta amechuchumaa, chupa ya maji imejaa petroli, kitambaa mkononi, na hatua tatu kutoka pale mama ntilie anachoma chapati kwenye jiko la mkaa. Nilimwambia afunge chupa kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Najua utaniambia petroli inatoa gundi. Ni kweli inatoa, sibishi. Ninachobisha ni gharama yake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya kugandisha maji, sembuse jua letu la saa saba. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki juu ukapotea, unatambaa chini mpaka ukutane na kaa la moto. Tena ndani ya petroli kuna benzini, kitu kinachosababisha saratani ya damu, nawe unaishika kwa mkono mtupu na kuivuta puani nusu saa nzima kwa ajili ya doa la stika. Mimi naona hiyo si biashara.

Halafu kuna rangi yenyewe. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150. Hiyo ni kama karatasi moja au mbili za daftari la mtoto. Tabaka la juu ndilo linaloleta mng'ao na kuzuia jua. Ukilisugua kwa msasa au steelwire ya kusugulia masufuria, umelimaliza, na halirudi kwa kuoshwa. Rangi ya kiwandani inaweza kuvumilia kufutwa mara moja kwa petroli. Lakini magari mengi yaliyotumika yameshapigwa rangi tena mahali fulani, na rangi nyingi za gereji hukauka kwa hewa tu. Nyingine zilichanganywa na thina zikipigwa, na ukizirudishia thina zinayeyuka tena.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Miaka kadhaa nyuma nilibandua stika kwenye tangi la pikipiki yangu, nikaona gundi inanichelewesha, nikaenda kwa fundi kuomba thina kidogo. Gundi ilitoka, na rangi ikaifuata. Likabaki baka jeupe la ukubwa wa kiganja. Siku ya kuiuza, mnunuzi alilitazama lile baka kabla hata ya kuwasha injini, akasema hii pikipiki imepata ajali. Nikaapa haijawahi kuanguka, hakuniamini, na bei ikashuka. Wewe unayemiliki gari kwa mkopo wa kikundi lifikirie hilo, maana siku moja utaliuza ili ununue kubwa zaidi.

Linaloniudhi ni kwamba dawa yake tunaijua wote. Ukipasua fenesi, ulimbo ukikuganda vidoleni na kwenye kisu, unakimbilia wapi? Hukimbilii maji wala petroli. Unapaka mafuta ya kula kwanza, hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Gundi ya stika ina tabia hiyo hiyo ya ulimbo: maji haiyajali, mafuta yanailegeza. Sijui kwa nini tukifika kwenye gari tunasahau jikoni.

Basi fanya hivi. Weka gari kivulini, bati lipoe. Osha vumbi lote kwanza, kwa sababu mchanga uliobaki ndio utakaochora rangi utakapoanza kufuta. Chovya kitambaa laini kwenye maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, kiweke juu ya doa kwa dakika chache, rudia kikipoa. Joto linalainisha gundi. Kama karatasi ya stika bado ipo, ibandue wakati huu polepole kutoka pembeni. Kisha paka mafuta ya alizeti au ya kula yoyote, loweka kitambaa chenye mafuta juu yake, nenda kanywe chai. Dakika ishirini si nyingi. Ukirudi, sukuma gundi kwa kidole au kwa kadi ngumu ya plastiki, mfano kadi ya simu iliyokwisha kazi. Usitumie wembe wala bisibisi. Itavingirika kama nta. Rudia mafuta mahali palipogoma. Ile iliyokaa juani miaka mingi inaweza kutaka mara tatu au nne, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kutafuta petroli. Usikate.

Ikigoma kabisa, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, mbali na moto, ujaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, acha hapo hapo. Yasikae kwenye mipira ya vioo, inavimba. Na taa za plastiki usiziguse kwa thina wala kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, zitapata ukungu na nyufa ndogondogo.

Kuna jambo moja la kazi yangu ambalo siwezi kuliacha. Viuatilifu vyenye herufi EC kwenye lebo vinanukia kama thina kwa sababu vimeyeyushwa kwa vimumunyisho vya aina hiyo. Usidanganyike na harufu ukatumia masalia ya dawa kufutia gari. Hiyo ni sumu, inapita kwenye ngozi, na mlango huo ndio mtoto wako ataushika kesho. Wala usichukue kopo lake kuwekea mafuta.

Tena, usibandue kila stika kwa sababu ina Kijapani. Ile ndogo iliyoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva mara nyingi ndiyo inayoonyesha upepo wa matairi. Soma tarakimu zilizo kando ya herufi kPa: 240 ni karibu 35 kwa kipimo cha PSI cha mjaza upepo wetu. Kwa mtu anayebeba magunia, stika hiyo ina faida kuliko mng'ao wa mlango.

Mwisho osha mahali hapo kwa sabuni ya maji, mara mbili, mpaka mafuta yaishe. Ukiyaacha yatakusanya vumbi upya, na kama unataka kubandika jina la biashara yako halitashika.

Yule kijana alimaliza mlango mmoja jioni ile ile, unang'aa. Wa pili anasema labda Jumapili, kwa sababu mke wake amemnyima mafuta yaliyobaki.