Tovuti za Kazi: Nani Alipe?

Wako vijana wetu waliohitimu vyuo ambao, badala ya kukaa wakingoja kuajiriwa, wamefungua tovuti za kutangaza nafasi za kazi. Jambo hilo ni jema, wala hatuna sababu ya kulibeza. Lakini mwenye tovuti hana budi kulipia mtandao, umeme na chakula chake. Je, fedha hizo zitoke mfukoni mwa nani?

Baadhi yao wamelijibu swali hilo kwa njia ya mkato: humtoza mtafuta kazi "ada ya usajili" kabla ya kumwonyesha tangazo. Pengine tangazo lenyewe limenakiliwa kutoka Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako kila mtu angelisoma bure. Huo ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji ana shahada na kompyuta. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi, isipokuwa kwa hali maalumu chache. Na wanaotoa habari za kazi wamo katika maana ya mawakala hao.

Tutazame Japani. Mwaka 1960 Hiromasa Ezoe, aliyekuwa akitafuta matangazo ya gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, alianzisha shughuli ambayo baadaye ikawa kampuni ya Recruit. Mwaka 1962 alitoa kitabu cha matangazo ya kazi matupu. Wanafunzi walikipata bure. Makampuni yaliyowahitaji ndiyo yaliyolipia kurasa. (Kampuni hiyo si malaika: kashfa yake ya hisa ya mwaka 1988 ilichangia kumwangusha Waziri Mkuu Takeshita mwaka uliofuata.) Mwaka 2012 Recruit iliinunua Indeed, tovuti iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004 kwa kukusanya mahali pamoja matangazo yaliyotawanyika. Mtafutaji alisoma bure. Mwajiri alilipa tangazo lake lilipofunguliwa.

Watasema wengine kwamba waajiri wetu hawana mazoea ya kulipa. La hasha! Waajiri hao hao wamelipia matangazo magazetini miaka nenda miaka rudi. Wasichokubali kulipia ni ubao usiosomwa na mtu, na hapo ndipo penye kazi ngumu: mwajiri haji pasipo watafutaji, na watafutaji hawaji pasipo matangazo.

Fundo hilo hufunguliwa kwa kuanza na eneo dogo. Tuchukue shule binafsi za mkoa mmoja. Kila mwisho wa mwaka wakuu wa shule huhangaika kutafuta walimu wa fizikia na hisabati kabla ya Januari. Kijana mwenye tovuti awaendee mmoja mmoja, awatangazie bure msimu wa kwanza, ahakikishe kwa simu kwamba kila nafasi ipo kweli, na aondoe siku ile ile iliyokwisha kujazwa. Mkuu aliyepata mwalimu kwa wiki moja hatasita kulipia tangazo la pili, au kulipa zaidi ili liwekwe juu, mradi msomaji aelezwe wazi kwamba limelipiwa.

Na mwalimu atakayeendewa na mwanafunzi wake wa zamani, akiuliza kama atume shilingi elfu kumi apewe anwani ya mwajiri, amwulize kwanza: mwajiri huyo yeye amelipa kiasi gani?