Bluu ya Mkojo Isituzuge
Kipimo cha FRAP, kilichoelezwa na Benzie na Strain mwaka 1996 kwa plazma ya damu, sasa hutumika hata kwa mkojo: matone machache yakitiwa kwenye kimiminika chenye chuma, bluu hukolea kadiri antioksidanti zilivyo nyingi. Rahisi, naam, ila bluu hiyo huchangiwa sana na asidi ya yuriki, na aliyekunywa maji kidogo huonekana tajiri wa antioksidanti mpaka kreatinini, inayoonyesha jinsi mkojo ulivyokolea, nayo ipimwe. Watetezi watasema ni nafuu. Nafuu kwa jibu gani? Kisesa, mkoani Mwanza, ambako taasisi ya utafiti wa tiba NIMR imefuatilia afya ya wakazi tangu 1994, mkojo uleule ukichujwa na kuwekwa chini ya darubini waweza kuonyesha mayai ya kichocho, yenye mwiba nchani, na dawa yake ipo. Watafiti wabaki na FRAP. Zahanati inunuliwe darubini kwanza.