Gari la Familia: Oili Ina Moto, au Waya Unasema Uongo?

Askari anapojinunulia gari lililokwisha kutumika ng'ambo, aghalabu hununua pamoja nalo taa nyingi za dashibodi ambazo hakuna aliyemweleza maana yake. Mojawapo ni ile inayotangaza kwamba oili ya injini imepata moto kupita kiasi. Taa hiyo ikiwaka, ama oili ina moto kwelikweli na injini imo hatarini, ama oili haina neno, bali kipimajoto chake au waya wake umeharibika, na kompyuta ya gari inapelekewa habari za uongo.

Koplo mmoja wa polisi nusura aingie hasara kwa kutotofautisha mambo hayo mawili. Gari lake dogo, lililowapeleka watoto shuleni na mama yao sokoni, lilianza kuonyesha joto la oili la digrii 150. Feni ilivuma bila kupumzika, na nguvu za injini zikapungua mlimani. Fundi wa kando ya barabara alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akasema beringi zimekwisha na injini haina budi kufunguliwa. Bei aliyoitaja ilikuwa sawasawa na karo ya muhula mzima ya watoto wawili. Mkewe koplo, ambaye ndiye aliyeitunza fedha hiyo, hakugombana na mtu. Aliomba tu kwamba jirani yao, sajini wa jeshi aliyezoea mitambo ya mawasiliano, alitazame gari kwanza.

Sajini alifika alfajiri, kabla injini haijawashwa. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaona imefika alama ya juu na haina harufu ya kuungua. Kisha akafungua swichi pasipo kuwasha injini. Dashibodi ikaonyesha digrii 150.

"Koplo, gari hili limelala hapa tangu lini?"

"Tangu jana jioni, afande."

"Basi shika injini kwa mkono wako."

Injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Hicho ndicho kipimo bora kuliko vyote, na hakina gharama. Gari lililolala usiku kucha huwa na joto moja kila mahali: oili, maji ya rejeta na hewa hupishana kwa digrii chache tu. Mashine ya kusomea hitilafu ikionyesha maji digrii 18 na oili 150, hakuna haja ya kufungua injini; kinachotakiwa ni kuufuata umeme.

Kipimajoto cha aina ya kawaida kina nyaya mbili. Ndani yake mna kipande kinachozuia umeme sana kikiwa baridi, na kidogo kikiwa na moto. Katika aina moja itumikayo sana, kizuizi hicho ni kama omu 2,500 kwenye digrii 20, na hushuka hadi chini ya omu 200 kwenye digrii 100. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia kizuizi chake yenyewe, hutazama zimebaki ngapi, kisha hukisia joto. Kwa hiyo waya ukikatika, kompyuta huona volti zote na hudhani oili imeganda, digrii 40 chini ya sifuri. Waya ukipiga shoti kwenye chuma cha gari, volti hupotea, na kompyuta hudhani oili inachemka. Ndiyo maana katika mashine ya kusomea hitilafu alama P0197 humaanisha volti zimeshuka mno, P0198 zimepanda mno, na P0199 ni hitilafu ijayo na kutoweka, ambayo mara nyingi ni soketi iliyolegea au yenye kutu.

Sajini alichomoa soketi ya kipimajoto huku akitazama dashibodi. Kama kosa lingekuwa la kipimajoto chenyewe, namba ingeanguka mara moja hadi baridi kali. Haikutikisika. Basi kipimajoto hakikuwa na hatia, na kununua kipya kungekuwa kutupa fedha. (Kama namba ingeonyesha baridi tangu mwanzo, angefanya kinyume chake: kuziunganisha ncha mbili za soketi kwa kipande cha waya. Namba ikipanda, nyaya ni nzima na kipimajoto ndicho kibovu. Isipopanda, waya umekatika mahali.)

Akaufuata waya kwa vidole, polepole, akiutikisa kila penye kona. Karibu na kishikilio cha alteneta palikosekana kibanio. Mtu aliyefanya kazi hapo zamani hakukirudisha. Waya ulikuwa umesuguliwa na chuma hadi ganda likaisha na shaba ikang'aa. Swichi ikafungwa, waya ukakatwa, ukaungwa kwa lehemu, ukazungushiwa utepe wa umeme na kufungwa mbali na chuma.

Yafaa kuonya juu ya mambo mawili. Vipimajoto vyenye nyaya tatu, vile vinavyopima pia wingi wa oili, aghalabu hupeleka habari kwa mapigo ya umeme. Hivyo mita ya omu haivifai wala nyaya zake zisiunganishwe kwa kubahatisha. Tena taa nyekundu yenye picha ya kopo si ya joto, bali ni ya mgandamizo wa oili. Ikiwaka safarini, injini izimwe papo hapo, hata kama ni usiku na kituo cha polisi ki mbele kidogo. Wapo madereva wanaong'oa balbu yake ili wasafiri kwa raha, na hao ndio wanaonunua injini mara mbili.

Asubuhi ya pili dashibodi ilionyesha digrii 19 kwa oili na 19 kwa maji, na feni ilikaa kimya. Karo ilipelekwa shuleni Jumatatu. Fundi wa kando ya barabara aliposimuliwa habari hizo hakubisha. Aliomba kuonyeshwa mahali waya uliposuguliwa, akainama chini ya boneti kwa muda mrefu, kisha akauliza mita ya umeme inauzwa kiasi gani.