Fuvu halisemi Kiswahili wala Kisukuma

Najua nimepotea, msinipige mawe. Ilikuwa wiki ya mitihani, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki, anatafuta rafiki mwenye jiko. Sasa nimerudi, na nimerudi na jambo.

Juzi kwenye semina tuliambiwa kwamba alama nzuri ni ile inayoeleweka na kila mtu bila maelezo. Darasa zima tukainamisha vichwa na kuandika. Mi niliandika, ila pembeni nikachora alama ya kuuliza, kubwa tu. Manake natoka Malampaka, na kule kwetu sijawahi kukutana na alama inayojieleza yenyewe. Kila ninayoifahamu, kuna mtu alinifundisha.

Kwa wasiopajua: Malampaka ni mji mdogo wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu (kabla ya 2012 tulikuwa Shinyanga). Treni ya Tabora kwenda Mwanza inapita hapo, reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Kwetu ni pamba. Ukiniuliza mtaji wa ada yangu ya sekondari ulitoka wapi nakujibu kwa neno moja, buluba.

Tuanze na mfano ambao wazee wetu waliuishi. Mwaka 1965, kwenye uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, TANU ilipitisha wagombea wawili kwa jimbo. Wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma. Kwa hiyo kila mgombea akapewa picha: mmoja jembe, mwingine nyumba. Ukilitazama kwa macho ya mtu wa usanifu, chaguo hilo ni la akili sana. Vitu viwili ambavyo kila mtu anavyo, maumbo yasiyofanana hata kidogo, yanachorwa kwa mistari michache na yanaonekana hata karatasi ikichapwa vibaya. Mwalimu wetu wa semina angetoa alama zote.

Ila angalia kilichotokea. Alama zilitakiwa ziwe za kumtambulisha mtu tu, zisiwe na upande. Babu yangu anasema kampeni za kwao ziligeuka ubishi wa jembe na nyumba. Wa jembe anasimama anasema, mtakula nyumba? Wa nyumba anajibu, jembe lenyewe mnalilaza wapi usiku? Watu wanacheka, wanapiga makofi, na hoja ya barabara imekufa hapo hapo. Kwa mkulima jembe si mchoro. Jembe ni mkono wake, ni mahari, ni njaa au shibe ya mwaka. Huwezi kumpa mtu picha ya jembe halafu umwambie asifikirie kitu.

(Sisemi uchaguzi ule uliamuliwa na michoro. Paul Bomani, waziri wa fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, aliangushwa Mwanza mwaka huohuo, na watu walikuwa na sababu zao.)

Na kwa upande wa urais, enzi hizo za chama kimoja, ndiyo ilikuwa picha ya Mwalimu, na hapana ilikuwa kivuli cheusi. Hapo hata mimi nasema mchoraji alipendelea. Uso wa mtu unayemjua upande mmoja, giza upande mwingine, halafu uniambie ni swali la haki? Na bado nyeusi yenyewe haina maana moja. Kwenye bendera yetu nyeusi ni sisi wananchi. Kwa wazee wa Kisukuma nyeusi ni wingu lenye mvua, na mvua ndiyo uhai. Rangi ileile, mahali pengine ni giza la kukataa, pengine ni watu, pengine ni neema.

Nikiwa hapohapo, hebu iangalie nembo ya taifa. Miguuni kwa yule mama kuna mmea. Nimewauliza wenzangu sita hapa kwenye kimbweta ni mmea gani. Mmoja alisema kahawa, mmoja mahindi, wengine walinicheka. Ni pamba jamani! Kwa baba ni mkarafuu, kwa mama ni pamba. Tumeishika nembo hiyo tangu darasa la kwanza na hatuijui. Mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, ambaye wengi walimtaja kuwa ndiye aliyeichora, alifariki Dar es Salaam Mei 2017 baada ya vyombo vya habari kumkuta akiishi kwa shida Buguruni. Wapo wanaosema mchoraji ni Jeremiah Kabati wa Bwiru, Mwanza. Mi siamui ugomvi huo, ila naona wote wawili wanatajwa kuwa watu wa Kanda ya Ziwa, na pamba ikaingia kwenye nembo. Kwa Msukuma hilo halishangazi.

Sasa nije kwenye kinachonikereketa, maana hayo ya juu ni ya kupiga soga.

Pamba inapigwa dawa. Kuanzia mwanzoni mwa mwaka, vidukari na funza wa vitumba wakianza kazi, kila nyumba ina bomba la mgongoni na chupa za dawa. Kwenye chupa kuna lebo. Na ile lebo, wadau, imesanifiwa na watu waliosoma kweli. Chini kuna mkanda wa rangi: nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani kwa ile yenye hatari ndogo zaidi. Ndani ya mkanda kuna vipicha vilivyopendekezwa na FAO pamoja na wenye viwanda vya dawa. Vya upande wa kushoto ni vya kuchanganya dawa ikiwa bado nzito, vya kulia ni vya kupulizia. Glavu, buti, barakoa, mikono chini ya bomba la maji, kufuli la kuwazuia watoto. Kila kanuni tunayofundishwa ipo: mpangilio, ukaribu, rangi, mfuatano.

Likizo iliyopita nikachukua chupa nikakaa nayo na mjomba, mtu anayelima pamba tangu sijazaliwa.

"Mjomba, huu mkanda wa njano hapa chini ni wa nini?"

"Hiyo si rangi ya kampuni, mwanangu? Kama vile Yanga."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwa sababu mjomba hajakosea kusoma. Amesoma kwa kamusi aliyonayo. Tanzania nyekundu ni Simba. Njano na kijani ni Yanga, na kijani na njano hizohizo ni chama. Nani alimwambia kwamba kwenye chupa hii njano ni daraja la sumu? Jirani mmoja naye aliniambia kijani ni dawa ya majani, nyekundu ni ya wadudu. Ukiwaza vizuri ni jibu lenye mantiki kuliko la FAO.

Kushoto na kulia? Mtu asiyesoma hana sababu ya kuanzia kushoto. Anaanzia kwenye picha kubwa. Na picha zote ni ndogo kama kucha, kwenye chupa ambayo robo tatu ya lebo yake ni jina la biashara kwa herufi nono. Hapo ndipo kanuni ya ukubwa inapotuumbua: jicho linakwenda kwenye kikubwa, na kikubwa ni jina la muuzaji, hatari imepewa kona.

Halafu kuna alama za kisasa zaidi, zile za almasi yenye mpaka mwekundu, za mfumo wa Umoja wa Mataifa uliotoka mwaka 2003. Mojawapo ni kifua cha mtu chenye kitu kama nyota iliyopasuka. Maana yake ni madhara ya muda mrefu mwilini, saratani na mengineyo. Bibi aliiangalia akasema, huyu amepewa nishani. Nishani! Nikatafakari, nyota kifuani kwetu ni ya nani? Ni ya askari, ni ya mkubwa. Bibi kasoma sawasawa.

Fuvu ndilo linaloeleweka, wote walisema ni sumu. Ila hata fuvu walijifunza. Mtu alikufa, au mwalimu wa shule alichora ubaoni, au liko kwenye nguzo ya umeme na kuna maneno HATARI chini yake.

Wenzetu waliokaa na tatizo hili kwa dhati walikiri hivyo. Ile alama ya hatari ya vimelea, yenye duara na pembe tatu kama za ng'ombe, ilitengenezwa Marekani mwaka 1966 na timu ya Charles Baldwin kwenye kampuni ya Dow. Walichagua kwa makusudi mchoro ambao watu wanaukumbuka haraka lakini haufanani na kitu chochote wanachokijua. Hauna maana, kwa hiyo unaweza kufundishwa maana moja tu. Kinyume kabisa na jembe.

Na ile ya mionzi, yenye mapanga matatu kama feni? Mwaka 2000 huko Samut Prakan, Thailand, waokota vyuma chakavu walifungua mashine ya zamani ya hospitali. Alama waliiona, hawakuielewa, watu watatu wakafa. Mwaka 2007 shirika la nguvu za atomiki, IAEA, pamoja na ISO walitoa alama ya nyongeza: nyekundu, yenye mawimbi ya mionzi, fuvu na mtu anayekimbia. Kabla ya kuitoa waliijaribu kwa watu wa nchi 11, na Kenya ilikuwemo. Waliwaendea watu wenyewe, wakawaonyesha, wakauliza: ukiona hii utafanya nini?

Swali hilo tu ndilo ninalotaka liulizwe Malampaka. Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2020, na dawa haiingii sokoni bila kusajiliwa. Basi kwenye usajili pawe na siku moja ya kupeleka lebo AMCOS, wakati wakulima wamekaa wanasubiri mizani, na kuwauliza kumi au ishirini kati yao. Wakisema Yanga, lebo irudi kiwandani. Gharama yake ni nauli na soda.

Najua mtanijibu kwamba lebo si tatizo kubwa, tatizo ni dawa inayopimwa dukani na kumiminwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo yoyote. Kweli kabisa, na hilo linaua zaidi. Ila jiulize kwa nini mnunuzi halalamiki ikimiminwa. Lebo ilikuwa haimwambii kitu, kwa hiyo ikipotea haoni kilichopotea. Mtu hulilia alichokuwa anakitumia.

Pia nasikia wenzangu wa ubunifu wakisema dawa yake ni elimu, wakulima wasome. Sawa, wasome, na mi nasoma kwa pesa zao. Lakini mjomba akipiga dawa Februari hii hawezi kusubiri nimalize shahada.

Nimeshaanza kuchora. Kwa sasa nina kipande kimoja tu: chupa, na pembeni yake mtoto anaivuta kwa mkono mmoja, imekatwa kwa mstari mwekundu. Rafiki yangu wa chumba cha jirani amesema inaonekana kama tangazo la maziwa. Narudi mezani, wadau. Likizo ya Juni naipeleka kwa bibi kwanza, kabla ya mwalimu wa semina.