Poland: pesa ya raia, faida ya nani?

Vijana wenzetu, kila siku tuko tunaambiwa: muangalie Poland, vijana wake wanapata mamilioni juu ya akili bandia! Ni kweli. Infermedica ya Wrocław, yenye programu ya kuuliza mugonjwa dalili zake, ilipata dola milioni 30 mwaka 2022. ElevenLabs ya sauti za mashini, iliyoanzishwa na vijana wawili wa Poland, ilipata milioni 180 mu Januari 2025.

Lakini wasitudanganye. Soko hilo halikuota peke yake. Serikali ilitangulia: kupitia PFR Ventures, iliweka pesa ya raia na ya Umoja wa Ulaya ndani ya mifuko yenye kusaidia kampuni changa. Raia alibeba hatari ya mwanzo.

Sasa nani anavuna? Ile milioni 30 iliongozwa na One Peak ya London. Ile 180, wenye pesa wa Marekani. Na mufanyakazi wa Poland, mwenye kukatwa pesa ya bima ya afya kila mwezi, bado anangoja munganga bingwa miezi na miezi!

Hatukatae akili bandia. Tunakataa kuhesabu dola na kuita hiyo maendeleo. Kipimo ni foleni ya hopitali.

Kinshasa nayo ilitoa sheria ya kampuni changa mwaka 2022. Wakituletea mfano wa Poland, walete muzima, si nusu. Pesa ya raia ikiingia, fungu la raia liandikwe mbele, si kiisha.